Kipimo cha VVU Kabla ya Ndoa: Kinachosema na Kisichosema

Himidi zote anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na rahma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Katika visiwa vyetu imeshakuwa ada kwamba posa ikikubaliwa, na kabla ya siku ya nikaah kutajwa, wazee wa pande mbili huulizana: vijana wameshapima? Maimamu wengi hulihimiza jambo hili, na wapo wasiokubali kufungisha ndoa mpaka waone karatasi ya majibu. Nia yake ni njema, nayo ni kuhifadhi nafsi na kizazi, mambo mawili katika yale matano ambayo sharia imekuja kuyalinda.

Tatizo linaanza pale karatasi inapofika nyumbani. Posa huvunjwa kwa kipimo kimoja tu. Mke huachwa na kupakwa jina la uzinifu kwa kuwa kliniki ya wajawazito imempa jibu kabla ya mumewe. Mtoto mchanga huhesabiwa mgonjwa hata hajafikisha miezi miwili. Na kijana aliyepima wiki mbili baada ya kujiingiza katika maasi hutembea kifua mbele kwa jibu safi lisilo na maana yoyote. Haya yote yana chanzo kimoja: watu hawakuelezwa kipimo kile kinapima nini. Makala haya yanajaribu kulieleza hilo, kisha tuangalie sharia inatutaka tufanye nini.

Kipimo hutafuta nini hasa

Wengi hudhani kwamba kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidole, huviona virusi vyenyewe. Sivyo. Vipimo vingi vya haraka hutafuta kingamwili, yaani zile askari ambazo mwili huziunda baada ya kuvamiwa na virusi. Mwili wa binadamu umeumbwa kwa hekima kubwa: kila adui anayeingia hutengenezewa askari wake maalumu, na askari hao hubaki katika damu kwa muda mrefu. Kipimo kikiwakuta askari wa VVU huchora mstari wa pili.

Mfano wake ni mtu aliyekuta nyayo za mwizi uani. Nyayo ni dalili yenye nguvu, lakini hazijamuonyesha mwizi. Huenda nyayo ni za mwengine zinazofanana. Huenda mwizi ameingia sasa hivi na bado hajaacha nyayo. Huenda pia nyayo zimeletwa na mtu mwengine kutoka nyumba jirani. Kila moja ya hali hizi tatu inatokea kwa vipimo vya kingamwili, na kila moja imevunja nyumba za Waislamu.

Hesabu ambayo familia nyingi hazijaifanya

Vipimo vya haraka ni vizuri sana. Shirika la Afya Duniani halikipi kibali kipimo cha haraka cha VVU mpaka kiweze kuwagundua wenye maambukizi kwa asilimia 99 au zaidi, na kuwatambua wasio nayo kwa asilimia 98 au zaidi. Mtu akisikia asilimia 99 husema: basi hapana shaka tena. Tuifanye hesabu.

Tuchukulie watu 10,000, na miongoni mwao wenye VVU ni nusu ya asilimia, yaani watu 50. Huu ni mfano tu, lakini hauko mbali na hali yetu, kwani Zanzibar maambukizi kwa watu wote yamekuwa chini ya asilimia moja kwa miaka mingi. Tuchukulie pia kwamba kipimo kinawakamata wote 50, na kwa wazima kinapatia mara 99 katika kila mara 100. Wazima ni 9,950. Asilimia moja yao ni karibu watu 100, na hao wote watachorewa mistari miwili ilhali hawana kitu. Kwa hiyo kipimo kimewaonyesha watu 150, na 100 kati yao ni wazima. Watu wawili katika kila watatu waliopewa jibu la kutisha hawana maradhi.

Sasa tukichukue kipimo kile kile tukipeleke kwenye nchi ambayo watu 2,000 katika hao 10,000 wana VVU. Wazima ni 8,000, na watakaokosewa ni 80. Huko mistari miwili karibu daima ni kweli. Kipimo hakijabadilika, kilichobadilika ni jamii inayopimwa. Kadiri maradhi yanavyokuwa machache, ndivyo jibu la kipimo kimoja linavyokuwa na shaka zaidi. Hiyo ni neema kwa watu wa visiwani, lakini ni neema yenye masharti: inatutaka tuwe wazito wa kuhukumu.

Ndiyo maana hakuna mwongozo wa afya unaoruhusu mtu aambiwe ana VVU kwa kipimo kimoja. Kipimo cha kwanza kikichora mistari miwili, hufuatwa na kipimo cha pili kilichotengenezwa kwa namna tofauti. Katika mfano wetu, wale wazima 100 wakipimwa kwa kipimo cha pili cha ubora ule ule, atabaki mmoja hivi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote zitumie vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumthibitisha mtu, kwa sababu hiyo hiyo: watu wengi wenye maambukizi wameshatambuliwa na kuanza dawa, na wanaobaki kupimwa wengi wao ni wazima. Vipimo vikipingana, mtu huambiwa majibu yake hayajathibitika na hurudi baada ya siku 14. Na hata aliyethibitika hupimwa tena kwa damu mpya kabla ya kuanzishiwa dawa, ili kuepuka makosa ya kubadilishana majina au sampuli.

Haya ni muhimu zaidi sasa kwa kuwa vipimo vya kujipima mwenyewe vimeenea. Tanzania Bara sheria ilirekebishwa mwaka 2019 kuruhusu mtu ajipime. Hilo lina kheri ndani yake, kwani linampa sitara mwenye kuona haya. Lakini kipimo cha kujipima ni mlango tu. Aliyeona mistari miwili chumbani kwake hajawa mgonjwa kwa hilo. Amekuwa mtu anayepaswa kwenda kituo cha afya.

Jibu safi lililotoka mapema

Upande wa pili wa hatari ni jibu safi. Mwili hauundi kingamwili siku ile ile ya maambukizi. Wengi huanza kuonekana kwenye kipimo baina ya wiki ya tatu na mwezi wa tatu. Muda huo wataalamu huuita kipindi cha dirisha. Ndani yake mtu ana virusi vingi katika damu, na ni wakati ambao anaambukiza kwa urahisi sana, lakini kipimo cha kingamwili kinasema ni mzima.

Angalia sasa namna tunavyopima. Vijana wengi hupelekwa hospitali siku chache kabla ya nikaah, kadi zimeshachapwa na mchele umeshanunuliwa. Karatasi inayotoka hapo inaelezea hali ya mtu miezi mitatu nyuma. Aliyejihifadhi muda wote huo, jibu lake ni la kutegemewa. Aliyekuwa hakujihifadhi, karatasi yake haithibitishi kitu, na yeye mwenyewe anajua, na Allaah Anajua. Hakuna maabara inayoweza kusimama mahali pa taqwa na ukweli wa mchumba mbele ya mwenzake.

Kwa hiyo familia inayotaka manufaa ya kipimo ipime mapema, pale posa inapokubaliwa, kisha irudie baada ya miezi mitatu ikiwa kuna sababu ya wasiwasi. Kupima wiki ya harusi ni kutafuta karatasi, na pia ni kumtia mtu fedheha ikiwa jibu litakuwa na utata, kwani harusi ikiahirishwa siku mbili kabla, mji mzima utajua sababu.

Mke anapogundulika kwanza

Hili ndilo lenye dhulma kubwa kuliko yote. Mwanamke mjamzito akienda kliniki hupimwa VVU kama sehemu ya huduma ya kawaida. Mumewe hana kliniki inayomsubiri. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mke ndiye wa kwanza kujua, na watu hugeuza jambo hilo kuwa ushahidi kwamba ndiye wa kwanza kuupata na ndiye aliyeuleta.

Kipimo cha kingamwili hakina tarehe. Hakisemi maambukizi ni ya mwezi jana au ya miaka minane iliyopita, wala hakisemi yametoka kwa nani. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na VVU bila ya dalili yoyote. Katika jamii yetu, ambapo watu huoa, huachana na kuolewa tena, na ambapo wapo wenye mke zaidi ya mmoja, maambukizi yanaweza kuwa yametoka katika ndoa halali ya zamani. Na mume akipima akakutwa hana, hilo nalo halithibitishi kuwa mkewe amezini. Wapo wanandoa wengi ambao mmoja ana maambukizi na mwengine hana, ijapokuwa wameishi pamoja kwa miaka.

Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Ameweka katika Suwrat An-Nuwr mashahidi wanne kwa mwenye kumtuhumu mwanamke aliyehifadhika, na Akaweka adhabu ya viboko themanini kwa asiyewaleta. Katika Sura hiyo hiyo Amewalaumu Waumini ambao waliposikia uzushi hawakudhaniana kheri. Na imepokewa katika Swahiyh mbili, ya Al-Bukhaariy na ya Muslim, kisa cha mtu wa jangwani aliyekuja kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akiwa na shaka kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume alimuuliza habari za ngamia wake wekundu na vipi akatokea miongoni mwao mwenye rangi nyengine, mpaka yule mtu mwenyewe akakiri kwamba huenda ni asili ya mbali iliyovuta. Hakumruhusu kumkana mtoto kwa dalili ya mwilini. Ikiwa alama inayoonekana kwa macho ya watu wote haikutosha, vipi utoshe mstari mwembamba kwenye kijiti cha plastiki?

Basi atakayesema kwamba fulani ni mzinifu kwa sababu ya jibu la VVU, ajue kwamba hana bayyina, na kwamba kauli yake inaingia katika hukumu ya qadhf. Kadhi anayeletewa kesi ya namna hii atofautishe mambo mawili: haki ya mwanandoa mzima kuomba kutengana, ambayo sharia inaizingatia, na tuhuma ya zinaa, ambayo haithibiti kwa kipimo.

Mtoto aliyebeba askari wa mama yake

Hii ndiyo hali ya nyayo zilizoletwa kutoka nyumba jirani. Mama mjamzito humpa mtoto wake kingamwili kupitia kondo la nyuma, nayo ni rehema, kwani ndizo zinazomkinga mtoto miezi ya mwanzo. Mama mwenye VVU humpa pamoja nazo kingamwili za VVU. Mtoto akipimwa kwa kipimo cha haraka ataonyesha mistari miwili hata kama hana kirusi hata kimoja. Kingamwili hizo zinaweza kubaki kwake mpaka miezi 18.

Kwa hiyo mtoto mchanga hupimwa kwa njia nyengine: hutolewa matone ya damu, hukaushwa kwenye karatasi maalumu, na hupelekwa maabara kutafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe. Hufanywa akiwa na wiki nne hadi sita, kisha hurudiwa, na kipimo cha kingamwili huja kufunga hesabu baada ya miezi 18 na baada ya kuachishwa ziwa. Bila ya kinga yoyote, watoto baina ya 15 na 45 katika kila 100 wa akina mama wenye VVU huambukizwa. Mama akitumia dawa sawasawa, idadi hushuka chini ya watano. Familia inayomtenga mtoto, au bibi anayemshauri mama amwachishe ziwa kwa sababu ya jibu la wiki ya sita la kipimo cha kidole, wanamdhulumu mtoto ambaye kwa uwezekano mkubwa ni mzima.

Kingamwili hazisemi kama mtu anaambukiza

Mwenye VVU anayetumia dawa za ARV kila siku hufikia hali ambayo virusi havionekani katika damu yake. Mtu aliye katika hali hiyo hamuambukizi mwenzake kwa njia ya tendo la ndoa. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo kwa uwazi. Hata hivyo kipimo cha kingamwili kitaendelea kuchora mistari miwili, kwa sababu askari bado wako. Anayetaka kujua kama dawa zinafanya kazi hupima wingi wa virusi, ambacho ni kipimo kingine kabisa. Na mtu asidanganyike na mganga anayedai kuponya: kutoonekana kwa virusi kunatokana na dawa, na mtu akiziacha virusi hurudi.

Jambo hili linawagusa pia vijana wetu wanaokwenda Oman na nchi nyengine za Ghuba kutafuta riziki, ambao hupimwa VVU na homa ya ini aina ya B na C kabla ya kupewa ruhusa ya kazi. Katika homa ya ini ya C, karibu watu watatu katika kila kumi hupona wenyewe bila ya dawa, lakini kingamwili zao hubaki. Aliyekutwa na kingamwili za C anatakiwa afanyiwe kipimo cha virusi kabla ya kuitwa mgonjwa. Katika homa ya ini ya B, kingamwili fulani ni habari njema, maana zinaonyesha kwamba mtu amekingwa kwa chanjo au amepona. Mzazi anayesoma karatasi ya mwanawe bila ya kumuuliza daktari anaweza kulia pale panapostahiki kusema AlhamduliLlaah.

Sharia inatuelekeza wapi

Kanuni mashuhuri ya mafaqihi inasema kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Asili ya Muislamu ni uzima na kuepukana na tuhuma. Kipimo kimoja cha haraka ni shaka. Hakiondoi asili hiyo. Vipimo vilivyothibitishwa kwa utaratibu kamili ni dhana yenye nguvu, na sharia huifanyia kazi dhana yenye nguvu katika mambo ya afya. Na Suwrat Al-Hujuraat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, kisha ikatukataza dhana, upelelezi na kusengenyana. Yote manne hukutana katika karatasi moja ya maabara inayopita mikononi mwa watu.

Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilipokutana Abu Dhabi mwaka 1995 lilitoa uamuzi kuhusu UKIMWI. Lilisema kwamba maradhi hayaenei kwa kuishi pamoja, kugusana wala kula pamoja, hivyo si wajibu kumtenga mgonjwa na wenziwe. Lilisema kumuambukiza mtu kwa makusudi ni haramu na ni dhambi kubwa. Halikumnyima mama mwenye maradhi haki ya kumlea na kumnyonyesha mwanawe, na lilimpa mwanandoa mzima haki ya kuomba kutengana. Hayo ni mizani: haki ya mzima imelindwa, na utu wa mgonjwa umelindwa.

Kutokana na haya, tunawausia ndugu zetu yafuatayo.

Kupima kabla ya ndoa ni jambo jema na linahimizwa, lakini si sharti la kusihi kwa nikaah. Nikaah ina nguzo zake zinazojulikana.

Majibu ni ya aliyepimwa. Imamu hahitaji kuiona karatasi. Inatosha awaulize wachumba wote wawili: mmepima, mmethibitishiwa, na mmeambizana? Walii aulize hivyo hivyo.

Aliyethibitika ana wajibu wa kumwambia mchumba wake kabla ya akdi. Kuficha ni ghishi. Wakijuana hali na wakaridhiana, ndoa yao ni sahihi, na wafuate ushauri wa daktari kuhusu dawa na kinga.

Aliyeambiwa habari hii kwa siri, awe mzazi, somo au mchumba aliyejitoa, amebeba amana. Posa ikivunjika, sababu isitajwe.

Kuna jambo la mwisho linaloihusu jamii nzima. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vipimo na dawa za VVU nchini imelipiwa na wafadhili wa nje, hasa mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2003. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa amri moja, na nchi nyingi zikaona jinsi huduma hizi zilivyoegemea mkono wa mwengine. Vipimo vinapopungua, kishawishi ni kuacha kipimo cha pili na cha tatu, navyo ndivyo vinavyomtenganisha mzima na mgonjwa. Wenye uwezo miongoni mwetu wanaoweka waqfu wa visima na misikiti wafikirie pia waqfu wa maabara, ili asipatikane binti wa Kiislamu aliyepoteza ndoa, au mtoto aliyekosa ziwa la mama yake, kwa kukosekana kipimo cha kuthibitisha.

Tunamuomba Allaah Awape shifaa wagonjwa wetu, Azisitiri aibu zetu, na Ajaalie nyumba zetu ziwe za utulivu na mapenzi.

Wa Allaahu A'lam.